Nixon, Reagan au Clinton: njia tatu za kukabili kashfa wakati uchumi unayumba, na ipi ya kufuata

Asubuhi ya Juni 23, 1972, Rais Richard Nixon alikuwa ofisini kwake na mkuu wa utumishi wa Ikulu, H. R. Haldeman. Siku sita zilikuwa zimepita tangu watu watano wakamatwe usiku ndani ya ofisi za chama cha Democrat katika jengo la Watergate, Washington. Haldeman alikuja na pendekezo: wakuu wa CIA wawaambie FBI waache kufuatilia fedha zilizokutwa kwa wale wavunjaji, kwa kisingizio cha usalama wa taifa. Rais akaafiki. Katika mazungumzo hayohayo Haldeman akamgusia kwamba Uingereza imeiachia pauni ielee sokoni, na kwamba Arthur Burns, mwenyekiti wa Benki Kuu, anahofia walanguzi wa fedha wataiandama lira ya Italia. Nixon akasema hilo halimshughulishi, hakuna la kufanya, na lira akaisindikiza kwa tusi. Kinasa sauti kilikuwa kinafanya kazi muda wote.

Kanda hiyo ndiyo iliyomng'oa madarakani miaka miwili baadaye. Wengi huinukuu kwa ajili ya CIA na FBI peke yake, lakini mimi naona ni vizuri isomwe yote. Watu wawili, meza moja, asubuhi moja: sarafu za washirika wakubwa wa Marekani zinatikisika, na akili ya rais iko kwenye fedha za wavunjaji wa ofisi. Hapo ndipo lilipo swali la ulinganisho huu. Mtu aliye karibu na kiongozi, awe mshauri, katibu, msemaji au mwanasheria wake, anapojikuta na kashfa mkono wa kulia na mfumuko wa bei mkono wa kushoto, afuate njia ya nani?

Historia ya karibu ya Ikulu ya Marekani inatupa njia tatu zilizojaribiwa hadi mwisho. Nixon alificha, na akawaachia washukiwa wenyewe wasimamie utetezi. Ronald Reagan alianza kwa kukana, kisha akaleta watu wapya, akatoa nyaraka na akakiri mbele ya taifa. Bill Clinton alikana na kupigana kisheria hadi alipobanwa, lakini kazi ya uchumi akaiweka mikononi mwa watu ambao hawakuhusika na kesi yake. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa kashfa, chukua njia ya Reagan, kwa uchumi, chukua ukuta wa Clinton. Ila zote mbili zina uozo wake, nao hauna budi kusemwa.

Nani yumo chumbani

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo ningetaka msomaji akae zaidi.

Mtu aliyekabidhiwa kufuatilia Watergate kwa niaba ya Nixon alikuwa John Dean, mwanasheria wa Ikulu. Dean alikuwa amehudhuria vikao vya mwanzoni mwa 1972 ambako Gordon Liddy, mtu wa kampeni ya Nixon, alimweleza Mwanasheria Mkuu John Mitchell mipango ya kuwapeleleza wapinzani. Kwa hiyo aliyepaswa kumweleza rais ukweli alikuwa na sababu zake za kuufunika. Mitchell mwenyewe ndiye aliyekuja kuongoza kampeni hiyo. Haldeman na John Ehrlichman, washauri wawili waliolinda mlango wa rais, nao walikuwa wameingia mguu mmoja. Kila ushauri uliomfikia Nixon kwa miezi kumi ulitoka kwa mtu aliyekuwa akijitetea mwenyewe kwanza. Wote walikuwa wakifunika kombe mwanaharamu apite, na kila mmoja alikuwa na kombe lake.

Machi 21, 1973, Dean aliingia ofisini akamwambia rais kwamba kuna saratani inayoukaribia urais na inakua kila siku. Akaeleza kwamba wavunjaji wanadai fedha ili wanyamaze, na kwamba kwa miaka miwili ijayo huenda zikahitajika dola milioni moja. Nixon hakushtuka. Alisema fedha hizo zinaweza kupatikana, tena taslimu. Rais aliyeshinda majimbo 49 kati ya 50 miezi minne tu iliyopita alikuwa akijadili namna ya kupata fedha za kuziba watu midomo. Hakukuwa na mtu hata mmoja chumbani mwenye mikono safi ya kumwambia basi.

Haldeman, Ehrlichman na Mwanasheria Mkuu Richard Kleindienst walibwaga manyanga Aprili 30, 1973, na Dean akafukuzwa siku hiyohiyo. Inaonekana kama usafi, lakini mwenye siri alibaki palepale. Jenerali Alexander Haig alichukua nafasi ya Haldeman, mawakili wapya wakaletwa, ila Nixon hakuwaonyesha alichokuwa nacho. Wakili wake, James St. Clair, alisimama mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1974 kutetea kanda ambazo ile iliyo mbaya kuliko zote, ya Juni 23, hakuwa ameisikiliza. Ukiwa mshauri mpya na ukanyimwa ushahidi, jua umeajiriwa uwe pazia.

Sasa mtazame Reagan. Novemba 3, 1986, jarida la Lebanon lilifichua kwamba Marekani imekuwa ikiiuzia Iran silaha kwa siri. Novemba 13 Reagan alilihutubia taifa akakana kabisa kwamba silaha zilibadilishwa na mateka wa Kimarekani walioshikiliwa Lebanon. Novemba 25, Mwanasheria Mkuu Edwin Meese akatangaza jambo zito zaidi: sehemu ya fedha za mauzo hayo ilipelekwa kwa waasi wa Contra nchini Nicaragua, ilhali Bunge lilikuwa limezuia msaada wa kijeshi kwao. Siku hiyohiyo mshauri wa usalama wa taifa, John Poindexter, alijiuzulu, na Oliver North, ofisa wa ofisi yake, akaondolewa. Katika kura ya maoni ya New York Times na CBS, waliomkubali rais walishuka kutoka asilimia 67 hadi 46 ndani ya mwezi mmoja.

Kilichofuata ndicho kinachofaa kuigwa. Reagan aliunda tume ya watu watatu chini ya John Tower, seneta wa zamani wa chama chake, pamoja na Edmund Muskie wa chama pinzani na Brent Scowcroft, mtu wa usalama aliyeheshimiwa na pande zote. Frank Carlucci aliletwa kusafisha ofisi ya usalama wa taifa. David Abshire aliitwa kutoka ubalozi wa Marekani katika NATO awe mshauri maalumu wa kuhakikisha wachunguzi wanapata wanachokitaka, na alikuwa na ruhusa ya kumwona rais moja kwa moja bila kupitia kwa mkuu wa utumishi, Donald Regan. Hilo la mwisho usilipite haraka. Regan alikuwa mmoja wa waliokuwa wakitazamwa, na kama majibu yote yangepita mezani kwake, yale ya Dean yangejirudia.

Ripoti ya Tower ilitoka Februari 26, 1987, ikamlaumu Regan kwa vurugu iliyoikumba Ikulu. Kesho yake Regan hakuwa na kazi, na nafasi yake akapewa Howard Baker. Huyu ndiye yule Baker aliyekuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya Watergate mwaka 1973, aliyekuwa akiwauliza mashahidi rais alijua nini, na alikijua lini. Reagan alimweka mlangoni kwake mtu aliyejua jinsi rais anavyoanguka. Watu wa Baker walithubutu hata kuuliza kama rais bado ana uwezo wa kufanya kazi, na Baker akamkagua kwa macho yake kabla ya kuridhika. Watumishi wa zamani wasingeweza kuuliza swali hilo bila kujiumbua.

Kwa Clinton maelezo ni mafupi. Kashfa yake ya mwaka 1998 ilikuwa ya mahusiano yake na mfanyakazi kijana wa Ikulu, na ya kusema uongo chini ya kiapo kuhusu mahusiano hayo. Mawakili wake na watu wachache wa siasa walipewa kesi. Robert Rubin, Waziri wa Fedha, na naibu wake Lawrence Summers hawakupewa hata ukurasa wa kesi hiyo. Alipokosea ni pengine: Januari 23, siku mbili baada ya habari kutoka, mawaziri wanne, akiwemo Madeleine Albright wa Mambo ya Nje, walitoka nje ya kikao na kuwaambia waandishi kwamba wanamwamini rais wao. Aliwaacha waweke majina yao rehani kwa ajili ya uongo. Septemba aliwaomba radhi ana kwa ana, na Donna Shalala, mmoja wa wale wanne, hakumficha jinsi alivyochukizwa.

Uchumi ulipoyumba

Mwaka 1971 Nixon alifanya uamuzi mkubwa wa uchumi kwa namna ambayo, hata ukiupinga, huwezi kusema haukujadiliwa. Katikati ya Agosti alijifungia Camp David, makazi ya mapumziko ya rais, na John Connally wa Fedha, George Shultz wa Bajeti, Burns wa Benki Kuu, Paul Volcker na wengine. Burns alipinga kufungwa kwa dirisha la dhahabu, akasikilizwa, akashindwa kwa hoja. Agosti 15 rais akatangaza: dola haitabadilishwa tena kwa dhahabu kwa bei ya dola 35 kwa wakia, mishahara na bei zimegandishwa kwa siku 90, na bidhaa kutoka nje zinatozwa asilimia 10 zaidi. Burns huyohuyo alibanwa na Nixon alegeze fedha kabla ya uchaguzi wa 1972, na kanda zipo. Hata hivyo Camp David kulikuwa na ubishi wa kweli.

Linganisha na Juni 1973. Kamati ya Seneti ya Sam Ervin iliyochunguza Watergate ilikuwa ikirushwa kwenye televisheni, Dean alikuwa anajiandaa kutoa ushahidi, na bei za vyakula zilikuwa zimepanda kiasi kwamba mwezi Aprili akina mama waligomea kununua nyama. Juni 13 Nixon akatangaza kugandisha bei tena, safari hii kwa siku 60. Shultz, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Fedha, alipinga. Mwaka 1971 uchumi ulikuwa na ulegevu wa kuvumilia hatua kama ile, 1973 haukuwa nao. Lakini rais alihitaji kuonekana anafanya kitu, na Connally, aliyekuwa amerudi kama mshauri, alimhimiza.

Matokeo yalionekana haraka. Bei ya kuku iligandishwa lakini chakula cha kuwalishia kiliendelea kupanda, hivyo wafugaji wakawazamisha vifaranga kwenye mapipa mbele ya kamera za televisheni, maana kila kifaranga aliyekua alikuwa hasara. Wenye ng'ombe waliwazuia malishoni wakisubiri bei ya nyama iachiliwe, na rafu za nyama madukani zikawa tupu. Picha za vifaranga zilikwenda hewani majira yaleyale ambayo Dean alikuwa akisoma ushahidi wake. Kashfa haikufunikwa na tangazo la uchumi. Rais alipata vidonda viwili badala ya kimoja.

Oktoba ilikuwa mbaya zaidi. Vita vya Mashariki ya Kati vilianza tarehe 6. Tarehe 10 Makamu wa Rais Spiro Agnew akajiuzulu kwa kesi yake mwenyewe ya kodi na hongo. Tarehe 19 Nixon akaomba Bunge dola bilioni 2.2 za msaada kwa Israel. Tarehe 20 Saudi Arabia ikatangaza kuinyima Marekani mafuta, na jioni ya siku hiyohiyo, Jumamosi, Nixon akaamuru mwendesha mashtaka maalumu wa Watergate, Archibald Cox, afukuzwe. Mwanasheria Mkuu Elliot Richardson alikataa akajiuzulu, naibu wake William Ruckelshaus akakataa naye akaondoka, na Robert Bork ndiye aliyetekeleza. Kesho yake taifa zima lilikuwa likizungumza kuhusu Cox. Mafuta, yaliyokuwa karibu kupanda bei mara nne, yalikuwa habari ya pili.

Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia Oktoba 25, Henry Kissinger, Haig na wakuu wa usalama waliweka majeshi ya Marekani katika tahadhari duniani kote kwa kuhofia Wasovieti. Nixon hakuwamo kikaoni. Asubuhi waandishi wa habari wakamuuliza Kissinger kama tahadhari hiyo haikutokana na matatizo ya ndani ya rais. Hatari ilikuwa ya kweli, lakini imani ilikuwa imekwisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote za njia ya Nixon, na washauri wengi hawaihesabu: hata unapofanya jambo sahihi, watu wanatafuta hila nyuma yake. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 8 mwaka 1973 na kufikia takribani 12 mwaka 1974. Shultz aliondoka serikalini katikati ya mwaka huo. Rais aliyewaomba wananchi wapunguze joto majumbani na waendeshe magari polepole hakuwa na mtaji wa kuaminiwa hata kwa hilo dogo.

Reagan alipata mtihani wake Oktoba 19, 1987, miezi saba na nusu baada ya kukiri. Siku hiyo kipimo cha hisa cha Dow Jones kilianguka pointi 508, yaani asilimia 22.6, anguko kubwa kuliko yote ya siku moja kwa asilimia katika historia yake. Alan Greenspan alikuwa na miezi miwili tu kwenye kiti cha Benki Kuu. Asubuhi ya tarehe 20 alitoa taarifa fupi sana kwamba Benki Kuu iko tayari kutoa fedha za kuutegemeza mfumo wa uchumi na fedha. James Baker, Waziri wa Fedha, alikuwa safarini Ulaya, akarudi. Reagan akakubali kuketi na Bunge kuzungumzia nakisi ya bajeti.

Hapa tazama tarehe mbili. Novemba 18 kamati za Bunge zilitoa ripoti kali kuhusu Iran na Contra. Novemba 20 Ikulu na Bunge hilohilo, lililoshikwa na wapinzani pande zote mbili, walitangaza makubaliano ya kupunguza nakisi kwa takribani dola bilioni 76 katika miaka miwili. Siku mbili tu kati ya karipio na mkataba! Wapinzani waliweza kumkemea asubuhi na kujadiliana naye bajeti mchana kwa sababu kashfa ilikuwa imeshawekewa mahali pake: tume imeripoti, rais amekiri, mwendesha mashtaka huru Lawrence Walsh anaendelea na kazi yake. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuitafuta ndani ya bajeti.

Na Clinton? Agosti 17, 1998 alitoa ushahidi mbele ya baraza la mashtaka kwa njia ya video kutoka Ikulu, na usiku akakiri kwa taifa kwa dakika nne hivi. Siku hiyohiyo Urusi ilishusha thamani ya rubo na kusimamisha malipo ya madeni yake. Haiwezekani kupata mtihani mkali kuliko huo wa kugawanya kazi, na timu ya Rubin iliufaulu. Septemba 14, siku tatu baada ya ripoti ya Kenneth Starr, mwendesha mashtaka huru wa kesi yake, kuwekwa hadharani, Clinton alitoa hotuba New York kuhusu mgogoro wa fedha duniani, na ilichukuliwa kwa uzito wake. Septemba 23 tawi la Benki Kuu la New York liliwakutanisha wakuu wa mabenki, 14 kati yao wakakubali kuchanga takribani dola bilioni 3.6 kuuokoa mfuko wa uwekezaji wa LTCM usiporomoke na kuburuza wengine. Benki Kuu ilishusha riba mara tatu kati ya Septemba na Novemba, na Oktoba Bunge likatoa takribani dola bilioni 18 kwa IMF. Yote haya wakati Bunge hilohilo likiandaa mashtaka ya kumwondoa.

Nyaraka na kanda

Kwa Nixon, suala la kanda lilitawala kila kitu kuanzia Julai 16, 1973, Alexander Butterfield, msaidizi wake wa zamani wa Ikulu, aliposema hadharani kwamba zipo. Alikataa kuzitoa, kisha akatoa chache, kisha ikagundulika moja ina pengo la dakika 18 na nusu. Julai 24, 1974 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 8 kwa 0 kwamba azitoe. Agosti 5 ile ya Juni 23 ikawekwa hadharani, na Agosti 9 alikuwa ameondoka. Kila kuchelewa kulifanya karatasi iliyofuata ionekane mbaya kuliko ilivyokuwa.

Reagan alitoa nyaraka, hata vipande vya shajara yake, na hakukimbilia kinga ya urais dhidi ya wachunguzi. Sifa hiyo anastahili. Lakini kulikuwa na siku nne za aibu kabla ya hapo. Meese alianza uchunguzi wake Novemba 21, 1986 bila kuzifunga ofisi za wahusika. North na katibu wake walichana nyaraka kwa mashine. Baadaye North aliliambia Bunge kwamba aliendelea kuchana hata wakati mawakili wa Wizara ya Sheria walikuwa ofisini mwake wakisoma mafaili, hatua chache tu kutoka alipokuwa. Ukweli uliochanwa pale haukurudi. Anayesema Reagan alifungua kila kitu anasahau kwamba alifungua kilichobaki.

Kuna jingine dogo linalofundisha sana. Reagan aliitwa na tume ya Tower kwa mara ya pili Februari 11, 1987, akiwa amejichanganya kuhusu lini aliidhinisha shehena ya kwanza. Wasaidizi walikuwa wamemwandalia karatasi ya kumkumbusha, na akaisoma kwa sauti pamoja na maelekezo yake: kwamba swali likija, anaweza kusema alishangaa. Wajumbe walibaki wakitazamana. Ukimpangia mkubwa wako maneno asiyoyakumbuka mwenyewe, siku moja atayasoma mbele ya watu jinsi ulivyoyaandika.

Kwa Clinton sina mengi hapa. Alipigania kinga ya wasaidizi wake mahakamani, akashindwa, na kilichomfanya akiri ni ushahidi wa maabara.

Bei ya kila njia

Nixon alianguka kutoka kukubaliwa na asilimia 67 hivi ya Wamarekani Januari 1973 hadi 24 alipoondoka. Haldeman, Ehrlichman na Mitchell walifungwa, kila mmoja takribani mwaka mmoja na nusu.

Reagan alisema Machi 4, 1987 kwamba moyo wake bado unamwambia hakubadilisha silaha na mateka, lakini ukweli na ushahidi vinamwambia alifanya hivyo. Aliondoka mwaka 1989 akikubaliwa na asilimia 63. Uozo wa njia yake uko kwenye hesabu ya haki: hukumu za North na Poindexter zilitenguliwa katika rufaa, na Desemba 24, 1992 Rais George Bush akawasamehe watu sita, akiwemo waziri wa zamani wa Ulinzi Caspar Weinberger ambaye kesi yake ilikuwa bado haijasikilizwa. Rais alipona, taifa likatulia, na karibu hakuna aliyelipa. Linaniudhi hilo, na sidhani linapaswa kufichwa na yeyote anayeipendekeza njia hii.

Clinton alishtakiwa na Baraza la Wawakilishi Desemba 19, 1998, na kura ya maoni ya Gallup ya siku hizo ikaonyesha anakubalika kwa asilimia 73. Seneti ilimwachia Februari 12, 1999. Alipona kwa sababu ukosefu wa ajira ulikuwa karibu asilimia 4.5, mfumuko wa bei chini ya 2, na serikali kuu ilikuwa na ziada ya bajeti kwa mara ya kwanza tangu 1969. Kwa maoni yangu mawakili wake wanapewa sifa isiyo yao.

Basi uchague ipi

Ikiwa mkubwa wako hakujua, au alijua nusu, usisubiri miezi minne kukiri kama Reagan. Wiki ya kwanza toa tume yenye mtu wa upande wa pili ndani yake, mweke mtu mpya asimamie majibu, na mpe mtu huyo mlango wake wa kumwona mkubwa. Kabla ya yote funga ofisi za washukiwa usiku uleule, na mashine za kuchana zitolewe. Meese alikosea hapo, na ni kosa lisilohitaji akili nyingi kuliepuka.

Ikiwa mkubwa wako ndiye aliyetoa amri, hakuna kati ya hizi tatu itakayomwokoa. Njia ya Reagan itaharakisha kujulikana, ile ya Nixon itaongeza wafungwa. Mwambie hivyo, na mwambie mapema.

Njia ya Clinton ya kupigana hadi mwisho usiifikirie kama kosa ni la matumizi ya dola, au kama wananchi wanalia na bei. Yeye alikuwa na ziada kwenye bajeti, na kosa lililoanzia chumbani. Ukiwa na mfumuko wa asilimia 10 na fedha za umma zimepotea, chukua ukuta wake peke yake: Waziri wa Fedha asihudhurie vikao vya kashfa, asitumwe kumtetea mkubwa mbele ya kamera, na tarehe ya tangazo lolote la uchumi isipangwe na watu wa kashfa. Kabla ya tangazo, waulize wenzako kama mngelitoa wiki hii endapo kashfa isingekuwepo. Kwa bei za Juni 13, 1973, jibu la kweli lilikuwa hapana, na Shultz alilisema.

Huyu Shultz ndiye ningemwelekeza kila mshauri amsome, kuliko marais wote watatu. Septemba 1972 Dean alimpa mkuu wa mamlaka ya kodi, Johnnie Walters, orodha ya maadui wa kisiasa ili wakaguliwe. Walters aliipeleka kwa Shultz, bosi wake. Shultz akamwambia aifungie kwenye sefu na asifanye chochote, na ndivyo ilivyokuwa. Miaka zaidi ya 13 baadaye, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Reagan, alipinga mbele ya rais mpango wa kuiuzia Iran silaha. Safari hii hakusikilizwa, na mpango uliendelea bila yeye kuelezwa mengi. Alipinga kwa sauti lakini hakuufuatilia, na tume ya Tower ilimlaumu kwa hilo. Kwa hiyo ukisema hapana na ukaona vikao vinaanza kufanyika bila wewe, dai maandishi ya kilichoamuliwa, na kama huyapati, ondoka na useme kwa nini.